Simu ya mkopo wa kila siku, simu ya laini moja, au nisubiri korosho ninunue kwa keshi? Naombeni ushauri

Binti wa Nachi

Wakuu habari za jioni. Niko Nachingwea, nauza vitenge na madera. Wateja wangu wengi wananiona kwenye status ya WhatsApp, wengine wako Masasi, wengine Ruangwa, natuma mzigo kwa basi. Simu yangu, Tecno ya zamani kidogo, kioo kimevuja wino upande mmoja na kugusa kunasumbua. Mteja anauliza bei, mimi nabonyeza mara tano ndipo ikubali.

Nilikwenda Nane Nane pale Ngongo, Lindi, nikazunguka kwenye mabanda ya simu. Nimerudi na vichwa viwili.

Banda la kwanza wanatoa simu kwa mkopo. Kianzio 80,000, halafu marejesho 1,600 kila siku kwa mwaka mzima. Simu hiyohiyo dukani hapa Nachi ni 420,000 taslimu.

Banda la pili ni la kampuni ya mtandao. Simu 290,000, unalipa yote palepale, na bando wanakuwekea kila mwezi kwa miezi mitatu. Sharti lake inakubali laini yao tu. Yule kijana alisema "imefungwa kwa muda", nilipomuuliza muda gani akanicheka.

Mkononi nina 150,000. Ufuta tuliuza, ukaishia kwenye ada na bati. Mbaazi zipo kidogo. Korosho ndiyo mpaka minada ianze Oktoba. Nifanyeje?

Boda la Mkuti

Dada chukua mkopo, usisikilize watu. Mimi niko Masasi, hii ninayoandikia ni ya mkopo. 1,600 kwa siku ni abiria wawili wa mjini, asubuhi kabla ya chai nimeshalipa. Ningesubiri kukusanya laki nne ningekuwa bado na kitochi, maana hela ikikaa ndani kwangu haikai. Shemeji anaumwa, tairi limepasuka, imekwenda. Mkopo umenilazimisha.

Wanaosema mkopo kama huu ni kausha damu, yaani riba ya kunyonya, wengi wana mshahara.

Kitochi Daima

Nunua kitochi, mambo ya status ni umbea.

Binti wa Nachi

@Kitochi Daima vitenge nitavionyesha kwa kitochi vipi kaka?

Karani wa Chama

Binti, kabla ya kusema ndiyo au hapana tupige hesabu, maana wale wa kwenye banda wanakutajia 1,600 ili usiizidishe.

1,600 mara siku 365 ni 584,000. Ongeza kianzio 80,000, simu imekula 664,000. Dukani ni 420,000. Tofauti 244,000. Hapo wengi wanaishia, wanasema "si mbaya, ni riba ya nusu". Siyo nusu. Ukitoa kianzio, wao wamekukopesha 340,000 tu, na juu ya hiyo 340,000 unaweka 244,000. Ni zaidi ya asilimia 70. Na deni lenyewe linapungua kila siku unayolipa, kwa hiyo ukweli ni mkali kuliko hata hiyo asilimia.

Lakini mimi riba siyo inayonitia hofu zaidi kwako. Boda la Mkuti hajasema uongo, kwake ule mkopo unafanya kazi, kwa sababu hela yake inaingia kila siku na marejesho yanatoka kila siku. Wewe hela yako inaingiaje? Huku kwetu ufuta unalipwa Juni na Julai, mbaazi Agosti na Septemba, korosho kuanzia Oktoba hadi karibu na mwaka mpya. Halafu Februari, Machi, Aprili, watu wanakula akiba na mvua. Vitenge navyo vinauzwa lini? Wakati wa malipo ya korosho, harusi na unyago. Machi nani ananunua kitenge Nachingwea? Lakini ile simu Machi itadai 1,600 kama kawaida, na usipolipa inajifunga. Yaani itajifunga msimu uleule ambao unamhitaji mteja mmoja mmoja.

Kwa hiyo swali langu moja: ukipata hela ya korosho Novemba ukataka kulipa deni lote kwa mara moja, wanakupunguzia ile riba ya miezi iliyobaki, au unalipa 664,000 ileile? Waulize. Jibu la hilo linabadilisha kila kitu.

Fundi Chikongola

Salaam toka Mtwara mjini. Naona watu wanachanganya kufuli mbili, na wateja wangu wanachanganya vilevile, kwa hiyo nieleze.

Kufuli ya kwanza ni ya mtandao. Simu inasoma laini ya kampuni moja, ukiweka nyingine inakuomba namba ya siri au inakataa tu. Simu yenyewe ni yako, umelipa, hakuna anayekudai. Kampuni iliyokuuzia ndiyo yenye namba ya kuifungua. Mafundi tunaifungua baadhi, baadhi hatuiwezi, na nyingine ukishalazimisha inapoteza mtandao kabisa. Mtu akikwambia "fundi wa stendi ataifungua kwa elfu kumi" mwambie aifungue kwanza ndipo ununue.

Kufuli ya pili ni ya mdai. Hapo laini yoyote inaingia, lakini ndani kuna programu ya mkopeshaji inayoulizia kila siku kama umelipa. Siku zikipita, kioo kinajaa tangazo la kulipa, huoni WhatsApp, huoni picha, unabaki na simu ya dharura na sehemu ya kulipia. Hii haiondoki kwa kurudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Unaifuta yote, ukiwasha tu ikapata intaneti inajitambua tena, kwa sababu imeandikishwa kwa IMEI, ile namba ya utambulisho ya simu yenyewe, kwenye mfumo wa mkopeshaji. Vijana wanaletewa hizi hapa dukani kila wiki. Nakataa. Kwanza ni mali ya mtu mwingine mpaka deni liishe, pili kuichezea unaweza kuiua.

Ya banda la kwanza ni kufuli ya mdai. Ya banda la pili ni ya mtandao. Madhara yake ni tofauti kabisa.

Mtu wa Liwale

Nimuongezee fundi hapo kwenye kufuli ya mtandao. Huku vijijini minara mingi ni ya kampuni mojamoja. Kijiji hiki anashika huyu, ukivuka mto anashika yule. Mimi natembea na laini tatu kama muuza njugu. Simu ya laini moja ingenifanya bubu nusu ya safari. Binti kama unapeleka mzigo au unatafuta wateja nje ya mji, hiyo ya 290,000 iache.

Halafu wateja wanaotuma hela kila mmoja na mtandao wake. Ukiwa na laini moja utaanza kuwalipisha makato au kuwapoteza.

Binti wa Nachi

Asanteni sana. @Mtu wa Liwale umenigusa, mimi nina laini mbili na zote zinapokea hela. Hiyo ya banda la pili nimeitoa kichwani.

@Karani nimempigia yule wakala wa mkopo. Anasema "ukimaliza mapema unapunguziwa dada yangu, usijali". Nikamuuliza kiasi gani, akasema inategemea. Kwenye karatasi waliyonipa sijaona mstari wa kupunguziwa.

Fundi Chikongola

Kama haumo kwenye karatasi, hamna.

Karani wa Chama

Ndiyo hivyo. Mwombe mkataba kamili, siyo kipeperushi, uusome kabla ya kuweka dole gumba. Angalia jina la kampuni inayokopesha (mara nyingi siyo ile yenye banda), na kama ina leseni ya Benki Kuu. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji asiyepokea amana anatakiwa awe na leseni ya daraja la pili. Angalia pia wanachosema kuhusu siku ulizochelewa: zinasogezwa mbele, au kuna faini? Simu ikiibiwa deni linabaki kwako? Na makato ya kutuma hayo marejesho anayalipa nani. Ukituma 1,600 kila siku na kila mara kuna makato, hiyo ni hesabu nyingine ambayo hatukuiweka juu pale. Ukilazimika kukopa, lipa kwa wiki.

Mzee wa Mikindani

Wanangu hamjambo. Nasoma tu hapa nacheka. Binti yangu, hiyo simu yako ya sasa imekufa au inaumwa?

Binti wa Nachi

Shikamoo mzee. Inaumwa. Betri inakaa, kamera nzuri tu, tatizo ni kioo.

Mzee wa Mikindani

Marahaba. Basi mbona mnamzika mgonjwa?

Fundi Chikongola

😂 Mzee ametuaibisha mafundi. Binti taja ni Tecno gani, nyuma imeandikwa au kwenye mipangilio sehemu ya kuhusu simu.

Binti wa Nachi

Spark 8C.

Fundi Chikongola

Kioo chake kinapatikana. Mimi hapa Chikongola nakibadilisha kwa 45,000 pamoja na ufundi. Huko Nachi watapandisha kidogo kwa sababu wanaagiza, lakini haitafika kianzio cha mkopo. Sharti moja: kabla hajabandika na gundi, fundi akiwashe mbele yako, uguse kona zote nne, uandike ujumbe mrefu, uangalie kama kuna mistari. Kikishabandikwa kurudishana inakuwa kesi. Na kabla ya kumpa simu, hifadhi WhatsApp yako, andika na namba za wateja kwenye daftari. Daftari halijifungi.

Boda la Mkuti

Sasa mnamfanya akae na simu ya zamani mpaka lini? Biashara ya nguo ni picha. Kamera ya simu mpya na hiyo ni vitu viwili. Mteja haoni rangi ya kitenge vizuri anapita.

Karani wa Chama

Mpaka Novemba tu kaka. Kuanzia sasa hivi mpaka malipo ya korosho ni kama siku 90. Siku 90 za marejesho ni 144,000, weka na kianzio inakuwa 224,000, na hapo bado anadaiwa 440,000. Akibadilisha kioo anabaki na laki moja mkononi, anaongeza mzigo wa vitenge uwe tayari wakati watu wana hela, halafu anaingia dukani na 420,000 anachagua simu anayotaka yeye, siyo ile iliyopo bandani. Na mwenye keshi anapunguziwa bei, hilo hata wewe unalijua.

Boda la Mkuti

Kama hiyo hela itafika. Mnada ukisuasua je? Bei ikishuka je? Mwaka si mwaka.

Karani wa Chama

Kweli kabisa, na siwezi kumhakikishia bei. Ila bei ikishuka akiwa hana deni, atabaki na simu yake yenye kioo kipya. Bei ikishuka akiwa na deni, anabaki na simu iliyojifunga na 80,000 zimekwenda. Wewe ukikosa abiria leo, kesho unapata. Yeye akikosa msimu, anasubiri mwaka.

Mwali wa Ndanda

Mbona hamsemi mchezo? Sisi hapa Ndanda tuko wanawake kumi, kila mmoja 10,000 kwa wiki, anapokea mmoja 100,000. Ukiomba zamu yako iangukie Oktoba unajazia simu, hakuna riba wala tangazo kwenye kioo.

Lukwika

Samahani naingilia. Binamu yangu yuko Marekani, anasema ananitumia iPhone mpya aliyochukua kwa mkataba wa mtandao wa kule, analipa kidogokidogo kwa mwezi. Hii nayo ni kufuli gani?

Fundi Chikongola

Ni ya mtandao, ndugu yangu, ila nyuma yake kuna deni. Kampuni za kule huwa zinaifunga kwa mtandao wao mpaka deni liishe au muda walioweka upite. Huku utaweka laini, itakataa. Na akiacha kulipa, IMEI inaweza kuwekwa kwenye orodha ya simu zilizozuiwa. Mwambie amalize deni, aombe kampuni yake iifungue, ndipo aitume. Ikifika, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, kuna mstari unaosema kama imefungwa kwa mtandao au haina kizuizi. Ukikuta kimewekwa kichipu chembamba chini ya laini ili ishike mtandao, ujue bado imefungwa, na ukisasisha programu inaweza kukatika.

Jambo jingine: iPhone za Marekani kuanzia 14 ya mwaka 2022 hazina tundu la laini kabisa, ni eSIM tu, yaani laini isiyo ya kadi, inawekwa ndani ya simu na kampuni ya mtandao. Ulizia kwanza duka la mtandao wako kama watakuwekea.

Uingereza ni nafuu, kule kampuni zimekatazwa kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 2021.

Binti wa Nachi

Wakuu nimeamua nusu. Kesho naenda kwa fundi wa hapa na kioo, nitamwambia awashe kabla ya gundi. Mkopo nimeuacha kwanza, wakala amepiga mara mbili, leo kasema kianzio kimeshuka hadi 60,000. @Mwali wa Ndanda mchezo tunao, nitaomba zamu. Korosho zikilipwa nitarudi kuuliza simu gani yenye kamera nzuri ya nguo, mjiandae.

Fundi Chikongola

Siku hiyo kabla hujatoa hela, piga *#06# kwenye simu, linganisha IMEI na iliyoandikwa kwenye boksi, halafu itume kwa ujumbe kwenda 15090. Wanakujibu ni simu ya aina gani. Jibu likisema aina nyingine tofauti na uliyoshika, rudisha simu mezani, ondoka. Wenye kumbukumbu wanajua Juni 2016 simu bandia zilivyozimwa nchi nzima, watu walilala na simu wakaamka na kioo. Dai risiti ya mashine na karatasi ya garantii yenye muhuri wa duka.

Kijana wa Mnazi Mmoja

Mimi tayari niko ndani ya mkopo, nimelipa zaidi ya nusu. Nataka kuuza simu nimalizie mambo mengine. Kuna mtu Lindi mjini anaitaka kwa 200,000. Nimwambie ina deni?

Karani wa Chama

Unamwambia, na bado huwezi kumuuzia. Nenda naye kwa kampuni, deni lilipwe kutoka kwenye hiyo 200,000 mbele yao, waitoe kwenye mfumo, wakupe barua ya kumaliza. Kinachobaki ndicho chako. Ukimpa kimyakimya ikijifunga, kituo cha polisi kinachofuata kina jina lako na NIDA yako.

Kijana wa Mnazi Mmoja

Kinachobaki kitakuwa kama elfu thelathini tu.

Boda la Mkuti

Basi endelea kulipa dogo, uza kitu kingine.