Mrejesho: friji ya gari la kulala, kambi ya Makalia
Ahsanteni ndugu zangu. Niliuliza kama betri ya ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaohifadhi) itaendesha friji usiku kucha kule Makalia, ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru. Inatosha. Friji ya volti 12 ikivuta ampea 4, kompresa (pampu yake ya kupoza) ikizunguka nusu ya muda, saa 12 hula ampea-saa 24. Chaji ya betri ya asidi isishuke chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Tena isiwe ile ya kuwashia injini, au katikati ya hizo mbili kuwe na rilei, yaani swichi ya kuzitenganisha injini ikizimwa. Hapo ndipo wengi hukwama asubuhi: friji imemaliza betri ya injini, gari haliwaki. Maji na gesi jazeni Nakuru mjini. Na madirisha, jamani, fungeni kabisa! Nyani hupenyeza mkono kwenye mwanya mdogo akatoka na mkate mzima.