Kijana wangu ameiga ujanja wa Sungura, nikatishe hizi hadithi?

MamaWawili_Umoja:
Wazazi wenzangu naomba mawaidha. Kijana wangu ana miaka 5 na kila jioni namsimulia zile hadithi za Sungura na Fisi nilizopewa na shosho. Sasa Jumapili alimaliza mandazi yote ya chai halafu akachukua makombo akampaka mdogo wake mdomoni akiwa amelala, ati ndio tudhani ni yeye. Kumuuliza akaniambia "si Sungura pia alimpaka Fisi mafuta". Nimeshtuka sana juu hio hakuitoa kwa katuni wala kwa simu, ni mimi nilimsimulia. Niache kabisa ama?

Mwalimu_PP2:
Pole mama, lakini usiache. Mimi nafunza watoto wa umri huo na kile wanachukua ni kile kimemfaidi mhusika, lile onyo unaongeza mwisho halifiki. Kang Lee wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walichapisha utafiti 2014, watoto wa miaka 3 hadi 7 wakasomewa hadithi halafu wakaangaliwa kama watasema ukweli. Ile ya kijana mchungaji aliyezoea kudanganya haikusaidia. Iliyosaidia ni ya George Washington, yule rais wa kwanza wa Marekani, akiwa mdogo, aliyekiri kukata mti wa babake na akasifiwa (ilitungwa tu, lakini iliwaingia). Na walipoigeuza, akadanganya akaumia, nguvu ikaisha. Kwa hivyo tafuta pia hadithi ambapo mtu anasema ukweli na mambo yanamwendea vizuri.

Baba_Makadara:
Mwalimu nakubali ila tusimhukumu Sungura. Yeye ni mdogo, amezungukwa na Simba na Ndovu, akili ndio kitu pekee ako nayo, na mtoto wa mtaa anahitaji kujua mnyonge anaweza kushinda mkubwa. Lakini kwa hio ya mafuta Fisi amelala tu, hajamkosea mtu, na hapo ndio mimi husimama na wangu namuuliza, Fisi akiamka apigwe bure atasikia aje? Shosho zetu walikuwa wanasimama hivyo, watoto wakibishana mpaka moto uzime.

MamaWawili_Umoja:
Asanteni sana. Jana nimejaribu hilo swali. Alinyamaza kitambo, akaniuliza kama Fisi alilia, nikamwambia alilia sana, hata hakuwa ameonja hayo mafuta. Akaniambia nianze tena mwanzo lakini saa hii Fisi aamke mapema amshike Sungura mkono.