Mjadala: Maboza ya mafuta yapite ndani ya handaki la Eisenhower, au yaendelee kupanda mlima?

Mleta mada

Wakuu, mada hii haiishi. Handaki la Eisenhower–Johnson liko kwenye barabara kuu ya I-70 huko Colorado, Marekani, kama kilomita 97 magharibi ya Denver. Ni matundu mawili sambamba: la kwenda magharibi (Eisenhower) lilifunguliwa Machi 1973, la kurudi mashariki (Johnson) Desemba 1979. Kila moja lina urefu wa km 2.7 hivi, na mdomo wa magharibi uko mita 3,401 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwaka hupita magari zaidi ya milioni 10.

Ila boza la petroli halipiti. Likikaribia handaki linaacha I-70, linashika barabara ya US 6, linapanda Loveland Pass hadi mita 3,655, kisha linateremka upande wa pili. Wenye malori wanataka sheria hii ilegezwe. Wengine wanasema isiguswe. Njooni na namba, kelele tuziache nje.

Tela Mbili

Ilegezwe. Tuanze na mlima wenyewe. US 6 pale juu ni njia moja kwenda, moja kurudi, ina kona za kujikunja kabisa, na sehemu nyingi hazina kingo. Ukiwa na tela refu, kona kama ile huipati bila kuvamia upande wa anayekuja.

Halafu mzigo wenyewe ni kimiminika. Kuta za ndani ya tangi hupunguza mafuta kukimbilia mbele na nyuma, lakini kuyumba kwa pembeni zinazuia kidogo sana. Boza lina kimo na uzito wake uko juu, kwa hiyo kwenye kona kali linapinduka kwa mwendo ambao lori la mbao lingepita salama.

Sasa weka barafu. Kwenye mteremko, breki za ngoma zikitumika mfululizo zinachemka, ngoma inatanuka na kuzikimbia pedi, unakanyaga bila kupata kitu. Dawa yake ni breki ya injini. Lakini breki ya injini inashika magurudumu ya kuvuta peke yake. Kwenye barafu yakiteleza, kichwa kinazunguka na tela linakuja juu yako. Yaani dereva anachagua kati ya breki kuchemka na tela kujikunja. Upande wa mashariki kuna pia njia za maporomoko ya theluji, zile zinazoitwa Seven Sisters, zinazoshuka mpaka barabarani.

Likipinduka upande wa magharibi, petroli inaingia Snake River na kufika bwawa la Dillon, bwawa kubwa kuliko yote ya maji ya jiji la Denver. Hilo watetezi wa katazo huwa hawaligusi.

Ndoo ya Mchanga

Mkuu Tela, hoja ya mlima nimeipokea yote. Sasa sikiliza ya ndani.

Aprili 1982, handaki la Caldecott pale Oakland, California. Gari dogo limesimama vibaya ndani, boza lenye lita kama 33,000 za petroli likaligonga, basi nalo likaligonga boza. Watu 7 walikufa. Na lile ni handaki fupi, karibu na usawa wa bahari, usiku wa manane, magari machache. Lihamishie Jumamosi ya msimu wa kuteleza kwenye theluji, handaki limejaa familia.

Ukubwa wa moto: boza la petroli likiwaka lote linahesabiwa kufika megawati 200 hadi 300 za joto. Ukifika hapo suala la kuzima umelisahau, unachotafuta ni kutoa watu.

Na mwinuko unaongeza tatizo. Kwa mita 3,400 uzito wa hewa ni kama asilimia 70 tu ya ule wa pwani. Kwa hiyo feni ikitaka kusukuma kilo zile zile za hewa, lazima isukume ujazo mkubwa kwa mara 1.4. Moshi nao unatanuka kwa kiwango hicho hicho. Anayekimbia kwa miguu alikuwa anahema kwa shida hata kabla moshi haujamfikia.

Mwamba Haudanganyi

Niongeze upande wa ujenzi, maana watu wanaliona handaki kama bomba la zege tu.

Tundu la kwanza lilianza kuchimbwa Machi 1968. Kabla yake kulikuwa na tundu dogo la majaribio la kusoma mwamba, lakini eneo la ufa wa Loveland liliwashangaza hata hivyo. Mwamba pale umesagika na kugeuka udongo mfinyanzi, na ukifunguliwa unasogea kuziba nafasi uliyoitoa. Walileta ngao kubwa ya chuma isukumwe mbele huku wachimbaji wakiwa chini yake. Mlima ukaibana, ikakwama baada ya hatua chache. Ikabidi wachimbe vichuguu vidogo kuzunguka ukingo wa tundu, kimoja baada ya kingine, kila kimoja wakikijaza zege, mpaka ikapatikana pete nene. Ndipo wakatoa kiini cha katikati. Tundu la kwanza lilichukua maisha ya wafanyakazi 3, la pili 4.

(Kando kidogo: wachimbaji walikuwa na imani kwamba mwanamke akiingia handakini ni mkosi. Janet Bonnema, fundi wa idara ya barabara, akaenda mahakamani, na Novemba 1972 akaingia. Wanaume 66 wakatupa vifaa wakatoka. Mlima haukufanya lolote.)

Ninachotaka mkione ni dari. Uchimbaji una kimo cha karibu mita 14 na nusu, lakini gari linapata mita 4.24 tu. Sehemu kubwa ya iliyobaki imekwenda kwa hewa: juu ya dari iliyoning'inizwa kuna mifereji miwili, mmoja unaleta hewa safi, mwingine unatoa chafu. Moto wa petroli unapiga dari hiyo kwanza. Vishikizo vikilegea, dari inashuka na mfereji wa moshi unakatika pale pale unapohitajika. Dari za kuning'iniza zinaweza kuua hata bila moto. Handaki la Sasago, Japani, Desemba 2012, vishikizo viling'oka, watu 9 wakafa.

Tela Mbili

Sawa, lakini mnazungumza kama handaki leo liko salama. Handaki la Mont Blanc, kati ya Ufaransa na Italia, Machi 1999: watu 39 walikufa, moto ulichukua saa 53, handaki likafungwa miaka mitatu. Lori lilibeba nini? Unga na margarini. Halikuwa na kibao chochote cha hatari. Majaribio ya moto ndani ya handaki la Runehamar, Norwei, 2003, yalichoma mbao, plastiki na samani, shehena za kila siku, na moja likavuka megawati 200. Shehena hizo zinapita Eisenhower saa hizi tunapoandika, katikati ya magari ya familia.

Na kuna jambo mleta mada hakulisema. Loveland Pass ikifungwa kwa theluji, maboza yanaruhusiwa ndani. Wanasimamisha magari mengine yote, handaki linaachwa tupu, maboza yanapitishwa kwa msafara, kisha wanafungua. Inafanyika kila saa. Kwa hiyo tusijadili kama boza linaweza kupita. Linapita. Swali ni kwa nini lipite siku mbaya tu.

Mia kwa Mia

Msafara ndio jibu sahihi kwa upande wa vifo, maana Caldecott iliua watu waliokuwa kwenye magari mengine. Ila piga hesabu ya foleni.

Tuseme saa ya kilele yanakuja magari 2,500 kwa saa upande mmoja, na njia mbili zinameza 3,000. Kusubiri handaki litoke watu, kupitisha msafara kwa kilomita 48 kwa saa (dakika 3 na nusu hivi), kuhakiki na kufungua: weka dakika 10 jumla. Yanajikusanya magari kama 417. Kwa mita 8 kila moja katika njia mbili, hiyo ni foleni ya km 1.7. Ukifungua, ziada ya uwezo wako ni magari 500 kwa saa, unahitaji dakika 50 kuimaliza. Kumi na hamsini ni sitini. Foleni inaisha, msafara mwingine huo hapo. Na foleni kwenye barafu, kwenye mwinuko, ina ajali zake za kugongana nyuma.

Usiku wa manane hadi alfajiri yote haya hayapo. Mimi naunga mkono msafara wa usiku, basi.

Mteremko

Hamjataja mwelekeo wa mtelezo. Sakafu ya handaki inapanda kuelekea magharibi kwa asilimia 1.64, kwa hiyo kimiminika kikimwagika kinateremka mashariki. Kiwanda cha kusafisha mafuta kiko Commerce City, kando ya Denver. Boza lililojaa linakwenda magharibi, katika tundu la Eisenhower. Likipasuka humo, petroli inatiririka kurudi kwa magari yaliyosimama nyuma yake, wakati moshi, kwa kawaida yake ya kufuata mwinuko, unaondoka nao kwenda magharibi. Kwenye tundu la Johnson ni kinyume: petroli inakimbilia mbele kusikokuwa na gari, moshi unarudi kwa waliosimama.

Msafara ukipita handaki likiwa tupu, hayo hayaui mtu wa nyuma, lakini yanaamua wazimamoto waingilie wapi. Miaka ya 2010 handaki liliwekewa mfumo wa kunyunyiza maji. Unasaidia sana kupoza dari na kuzuia moto usiruke. Dimbwi la petroli, hata hivyo, haulizimi bila povu. Maji yanazama chini, petroli inaelea juu yake na kuendelea kuwaka huku ikisafiri kwenye mfereji.

Tela Mbili

Basi tuanze na rahisi: maboza matupu yanayorudi mashariki yapite Johnson hata mchana, bila msafara.

Ndoo ya Mchanga

Hapana, hapo ndipo naogopa zaidi. Boza lililoshusha petroli bado limejaa mvuke, na mvuke ukichanganyika na hewa iliyoingia wakati wa kushusha unaweza kulipuka kwa cheche. Ndiyo maana kibao cha hatari hakitolewi mpaka tangi lisafishwe. Nitakupa msafara wa usiku, yaliyojaa na matupu pamoja, gari la povu likisubiri mdomo wa mashariki. Mchana kavu, yapande mlima.