Fundi kanipakia vanishi ya kabati kwenye uzio wa nje, sasa inabanduka na bado anadai hela

Wakuu, huu uzi ni wa hasira, msinitafutie lugha laini.

Nina uzio wa mbao za saiprasi hapa Arusha, upande wa barabarani. Nguzo zake ni mikaratusi iliyotiwa dawa kama zile za umeme, mbao ziko imara mpaka leo. Shida ilikuwa sura tu: jua na mvua vimezifanya za kijivu, upande wa kivulini umeota ukungu wa kijani, na kila msumari umeshusha mchirizi mweusi. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja, eti bingwa wa vanishi. Tukakubaliana aoshe, apige msasa, apake kitu cha kuzuia maji na jua. Akachukua nusu ya hela.

Kaja na mashine ya kuoshea magari. Mashine yenyewe sina ugomvi nayo, ukisimama mbali na kupunguza presha inafanya kazi. Huyu kasogeza mdomo wa bomba mpaka unakaribia kugusa mbao, kama anatoa tope kwenye tairi la Fuso. Ukijani ulitoka, na nyama ya mbao ikatoka nao. Saiprasi ina mistari laini na mistari migumu, sasa presha inachimba ile laini na migumu inabaki imesimama. Mbao zimeota manyoya. Pitisha kiganja uone vibanzi vitakavyokuingia. Msasa tuliokubaliana? Hata karatasi moja sikuiona.

Na kijivu chenyewe wala hakikuhitaji vita. Miali ya jua inavunja lignini, ile gundi inayoshika nyuzi za mbao, mvua inaisuuza, juu unabaki utando mwembamba wa nyuzi zilizokufa. Chini yake mbao ni nzima. Brashi ngumu, maji ya sabuni, jiki iliyozimuliwa kwa ajili ya ukungu, suuza sana, basi. Jiki inaua ukungu tu. Kijivu na ile michirizi ya misumari ni kazi ya asidi ya oksaliki, unayeyusha kwenye maji, unapaka ukiwa na glavu na miwani, unasuuza. Nilipomtajia akacheka. "Mama, hayo mambo ya Wazungu."

Kesho yake asubuhi natoka nje namkuta ameshika brashi, anapaka! Mbao zimelala na maji, zimepigwa na umande, ukigusa bado ni baridi. Nikamwambia, fundi, hizi hazijakauka. "Juu zimekauka mama, jua la Arusha hili." Juu! Kwani maji yanakaa juu? Mbao iliyoloweshwa hivyo inataka siku kadhaa za jua na upepo kabla hujaifunika na chochote.

Ilivyong'aa sasa! Wapita njia wananipongeza. Masika yalipoanza, kwanza yakatokea mawingu meupe chini ya vanishi, kisha malengelenge, sasa inabanduka vipande unavyoweza kuvuta kwa kucha. Unyevu uliofungiwa ndani unatafuta pa kutokea, mbao inavimba na kusinyaa, na vanishi ngumu haiwezi kuifuata, inapasuka. Ikishapasuka, mvua inaingia kwenye ufa na haitoki. Uzio wangu ulikuwa salama zaidi ulipokuwa mtupu.

Kopo alilitupa nyuma ya banda la kuku. Nimeliokota nikalisoma: vanishi ya samani za ndani. Ndani, wakuu! Maandishi yapo, makubwa, hayahitaji miwani. Na aliyemuuzia dukani aliambiwa ni ya uzio, fundi mwenyewe kasema, akamkabidhi hilohilo kwa sababu ndilo lililokuwepo.

Halafu nikapanda stuli kuangalia juu. Vichwa vya mbao vyote vikavu, havijaguswa! Sehemu inayonywa maji kuliko zote ndiyo ile mbao ilipokatwa, na yeye kaiacha kwa sababu kutoka barabarani haionekani. Hapo ndipo damu ilinipanda kweli.

Nimempigia. Jibu lake: "Mama, mbao zako zimezeeka, zinakataa vanishi. Tuzipige oili chafu, utanisahau." Na hiyo oili nilipie mimi, pamoja na salio lake!

Na humu pia mko mnaoshauri oili chafu kila mtu akiuliza habari za mbao, nawaona. Ile ni takataka ya injini, imebeba vyuma vilivyosagika humo. Haikauki, inashika vumbi, inachafua nguo za watoto wanaoegemea, mvua inaishusha kwenye udongo, na mimi chini ya uzio nina mchicha. Ukishaipaka, siku ukitaka rangi au mafuta ya maana hayatashika. Mtu anayekwambia utamsahau ana maana yake.

Mbao ya nje inataka mafuta yanayozama, yenye rangi ndani yake, maana ile rangi ndiyo inayokinga miali ya jua. Vanishi angavu isiyo na rangi inaruhusu jua lipite na kuila mbao kwa chini. Mafuta yanafifia taratibu, hayabanduki, ukiona yamechoka unasafisha unarudia. Watu wa majahazi kule pwani wamepaka sifa, yaani mafuta ya papa, vizazi na vizazi, wakirudia kila ikichoka. Inanuka, ndiyo, lakini hakuna aliyekwangua malengelenge.

Sasa kabla ya mafuta yoyote, hii vanishi lazima itolewe yote, kwa kikwanguo na msasa, mbao moja moja, pande zote mbili. Ni kazi kubwa kuliko ile ya mwanzo, na gharama ni yangu. Nimemwambia salio halipo, na ile nusu nataka sehemu irudi. Anasema atanipeleka serikali ya mtaa. Aende. Kopo ninalo, picha za vile vichwa vya mbao ninazo, na mwenyekiti akitaka kupitisha kiganja kwenye zile mbao namkaribisha.

Ninachoomba kwenu: fundi wa Arusha anayekwangua kwa mkono, asiyekuja na mashine ya magari. Na mwenye duka linalouza mafuta ya mbao za nje, yenye rangi, atupie humu picha ya kopo upande wa nyuma, penye maelezo. Upande wa mbele msijisumbue.