Mjadala: Je, riwaya ya kuchekesha ya mnyonya damu ina nafasi katika somo la Kiswahili Uganda?

Mleta mada, mwalimu wa Kiswahili, Jinja

Ndugu wasomaji, naleta mbele yenu jambo lililowagawa wazazi na walimu katika shule ninayofundisha, na sitajifanya kwamba mimi sina upande. Muhula uliopita wanafunzi wa kidato cha pili katika klabu yetu ya kusoma walianza kutunga kwa zamu riwaya fupi ya kuchekesha. Shujaa wao ni mnyonya damu mwenye umri wa miaka mia moja na themanini, anaendesha bodaboda usiku tu, na ni kibogoyo. Mzazi mmoja aliliona daftari nyumbani kwake, akamwandikia mkuu wa shule akitaka kazi hiyo isimamishwe mara moja. Ninachouliza ni kama hadithi za aina hii, ziwe zimetungwa na watoto au zimetafsiriwa kutoka kwingine, zipewe nafasi katika somo la Kiswahili, au zizuiwe.

Tangu Baraza la Mawaziri liliporidhia mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, sisi walimu tumekuwa tukitafuta maandishi ambayo mtoto wa Busoga au wa Buganda atayafungua bila kushurutishwa. Mengi tuliyo nayo ni vitabu vya mazoezi, ambavyo hakuna mtoto niliyemwona akivisoma chini ya mwembe saa ya mapumziko. Daftari la kibogoyo lilisomwa chini ya mwembe hadi likang'oka jalada.

Niwape sura ya tatu kwa ufupi. Katika hadithi za Ulaya mnyonya damu hawezi kuingia nyumba ya mtu asipokaribishwa kwanza na mwenyeji. Sharti hilo limo katika Dracula, riwaya ya mwaka 1897. Wanafunzi walilichukua sharti hilo wakalitia katika adabu za Kiswahili, nalo likaporomoka lenyewe. Kibogoyo anafika Walukuba saa nne usiku, anabisha hodi kwa sauti ya kutetemeka, na kabla hajavuta pumzi ndani wanaitikia, "Karibu!" Anapewa kigoda, anaulizwa habari za safari, za nyumbani na za wazee, kisha anawekewa matoke na mchuzi wa karanga. Kila anapofungua kinywa ili aume, anatiwa tonge. Nyumba ya pili mambo ni yale yale, na ya tatu pia, hata ikifika alfajiri ameshiba kiasi cha kushindwa kuinama kuokota kofia yake ya pikipiki. Darasa liliposomewa sura hiyo, msichana ambaye tangu muhula uanze hakuwahi kutamka sentensi nzima ya Kiswahili aliinua mkono, akasema kwamba "anatiya tonge" ni kosa, iandikwe "anatiwa tonge", kwa sababu aliyeshika tonge ni mwenyeji. Kauli ya kutendwa nilikuwa nimeifundisha wiki mbili bila mafanikio.

Wanaosema kwamba shujaa wa namna hii ni kuchezea jambo zito wanasahau alikotoka. Mnyonya damu aliyeandikwa katika taarifa ya maofisa wa Austria mwaka 1725, huko Kisiljevo nchini Serbia, alikuwa mwanakijiji wa kawaida, Petar Blagojević, ambaye majirani walimfukua kaburini wakiamini kwamba anawaua. Joho la ukabaila alivishwa baadaye, katika hadithi ya daktari Mwingereza John Polidori iliyochapishwa mwaka 1819. Watunzi wa vichekesho wamekuwa wakimvua joho hilo kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1979 huko Marekani kilitoka kitabu cha watoto ambamo anayeshukiwa ni sungura, naye hufyonza maji ya mboga hadi zikabaki nyeupe. Sisi tuliolelewa kwa hadithi za Wakayima, yule sungura mjanja wa ngano za Kiganda, hatuhitaji kuelezwa kwamba sungura anaweza kuwa shujaa.

Mzazi, Mukono

Mwalimu, nakusalimu kwa heshima, na ninakiri kwamba nilicheka nilipofika kwenye tonge. Siye mimi niliyeandika barua ile, lakini ningeweza kuiandika. Huyo sungura wa Marekani anasomwa na watoto ambao mnyonya damu kwao ni ndoto tu, na taa ikiwashwa hayupo. Hapa kwetu Bunge lililazimika mwaka 2021 kupitisha sheria mahususi ya kuzuia kafara za binadamu, kwa kuwa watoto wameuawa kwa ajili ya damu na viungo vyao. Tulizika, Mwalimu. Kuna kina mama ambao neno "damu" na neno "mtoto" hawawezi kuyasikia katika sentensi moja.

Tena ile sura unayoisifu ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Mimi kila jioni namwambia binti yangu kwamba mtu asiyemjua akibisha usiku asifungue, hata akiwa analia, hata akijiita mjomba. Wewe darasani unampa mgeni wa usiku ambaye ni maskini wa Mungu, hana jino hata moja, anastahili kukaribishwa na kulishwa. Mtoto wa miaka kumi na minne atajuaje kwamba anayebisha kwetu si kibogoyo? Kicheko kinalegeza komeo, na anayekuja kuiba watoto hujua kuchekesha.

Mstaafu, Bombo

Mama, umesema vyema, na Mwalimu naye hajakosea, ila wote wawili mmeanzia mbali. Mmekwenda Serbia na Marekani ilhali Kampala ilikuwa na wanyonya damu wake, tena wenye sare. Enzi za ukoloni watu waliwaita bazimamwoto, yaani wazimamoto. Ilisemwa kwamba gari jekundu lilipopita usiku halikuwa likienda kuzima moto, bali kukamata watu, kuwafungia na kuwatoa damu. Kikosi cha zimamoto hapa kwetu hadi leo kiko chini ya polisi, kwa hiyo mtaona kwa nini wazee wetu hawakupata shida kuunganisha kuzima moto na kukamata watu. Pwani walisema mumiani. Mwanahistoria Mmarekani Luise White alikusanya masimulizi hayo katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, akayatolea kitabu mwaka 2000, na hakuyaita ujinga. Aliyasoma kama namna ambayo watu walisema juu ya kazi, mamlaka na miili yao.

Nyanya yangu alipotusimulia habari za gari lile hakucheka hata kidogo, wala sisi hatukuthubutu. Kwa hiyo swali langu kwa Mwalimu ni la mtu aliyesikia hadithi hizo zikiwa bado na meno. Katika daftari la wanafunzi wako mnyonya damu ni mnyonge anayependeza. Aliyenyonywa yuko wapi? Kama vijana wataandika vichekesho, waandike vya kumcheka mwenye gari.

Mhudumu wa kukusanya damu, Mbarara

Nitasema kidogo, kwa kuwa nazungumza kutokana na kazi yangu tu. Damu inayotumika hospitalini kwa sehemu kubwa hutolewa na wanafunzi wa sekondari na vyuo, na shule zilipofungwa mwezi Machi 2020, zikakaa hivyo kwa vipindi virefu hadi Januari 2022, sote tulionja ukame wake. Kila shule ninayofika naulizwa swali lile lile kwa sauti ya chini: damu yetu inapelekwa wapi? Mzee wa Bombo amenieleza leo mzizi wa swali hilo.

Mwaka jana kijana mmoja alikuja kwenye foleni amevaa shuka kama joho, akaonyesha mfuko uliojaa mililita 450, akauliza kama unauzwa na chapati. Nilitaka kumfukuza. Foleni ilivunjika mbavu, na wasichana watatu waliokuwa wamesimama mlangoni kwa nusu saa wakaja kukaa, kila mmoja akisema atatoa kwa sababu ya soda na biskuti. Sina hoja ya kitaalamu hapo. Ninachomwomba Mwalimu ni kimoja: katika riwaya yenu msimwandike daktari au muuguzi anayeuza damu hata kwa utani, kwani utani huo nitakutana nao mwezi ujao kwenye meza yangu ukiwa umeshakuwa habari ya kweli.

Mleta mada, mwalimu wa Kiswahili, Jinja

Nawashukuru. Mama wa Mukono, juu ya komeo umenishinda, na sina haja ya kuzungukazunguka. Sikuiona sura ile kwa jicho la mtu anayefunga mlango jioni. Hata hivyo sikubali kwamba dawa yake ni kuliweka daftari kabatini, kwa kuwa mtoto anayeogopa kitu asichoruhusiwa kukitaja haongezewi ulinzi wowote. Niliwasomea wanafunzi maneno yako yote bila kupunguza, nikawaambia wajadiliane wenyewe. Walinyamaza kwa muda, nami nikadhani riwaya imekufa.

Kisha mmoja akasema kwamba kosa si hodi bali ni kufungua kabla ya kuuliza "Nani?" Sura ya tatu sasa inaandikwa upya. Kibogoyo anabisha, na mtoto aliye ndani, bila kugusa komeo, anamtaka ajitambulishe kwa desturi ya Kiganda, yaani jina lake, baba yake, babu yake, ukoo wake na mwiko wake, kizazi baada ya kizazi. Mtu wa miaka mia moja na themanini ana mengi ya kukumbuka. Anakosea jina la babu wa tatu, mtoto anamwambia aanze upya, na jogoo anawika wakati yeye bado yuko nje mlangoni akihesabu kwa vidole.

Mzee, swali lako juu ya aliyenyonywa hatujalijibu. Kuna wawili wanaotaka kuliingiza gari jekundu katika sura ya tano, nami nimewataka kwanza wakawaulize wazee nyumbani kwao. Ombi la mhudumu limekubaliwa, na limetuletea sura ya mwisho: kibogoyo, kwa kutubu, anapanga foleni kutoa damu, anajaza fomu kwa mwandiko mzuri, na anarudishwa kwa sababu amepita kikomo cha umri. Wanafunzi bado wanabishana kama apewe ile soda au asipewe.