Naomba ushauri: niende Lamu kuimalizia riwaya yangu, au nibaki Malindi?

Mwandika Nyota: Assalaam alaykum, wanajamvi. Mimi ni mwandishi wa hadithi za kisayansi, mkazi wa Malindi, na umri wangu ni miaka 33. Nilipokuwa na miaka mitano niliiona kwa macho yangu roketi ikipaa kutoka jukwaa la San Marco, pale baharini Ngomeni, na tangu siku hiyo sijaandika jambo jingine ila safari za angani. Sasa riwaya yangu imekwama ukurasa wa 41. Nyumbani hakuna utulivu, hivyo ninafikiria kupanga chumba Lamu kwa mwezi mmoja, mbali na makelele ya magari, niimalizie. Je, panafaa?

Bint Amu: Karibu Amu, kaka, lakini aliyekuambia kwamba huku kuna utulivu hajawahi kulala huku. Magari ni machache, kweli, ila punda hulia usiku wa manane kana kwamba wanadaiana, na vichochoro vyetu ni vyembamba kiasi kwamba jirani akikuna nazi utadhani anaikunia chumbani kwako. Ukija, chukua chumba cha ghorofa ya juu upate upepo, na usije wakati wa Maulidi ukitarajia kujichagulia.

Karani: Ndugu, muswada unatakiwa lini? Na hicho kinachokukosesha utulivu nyumbani ni nini hasa?

Mwandika Nyota: Hayo si ya msingi. Muda unakaribia tu.

Karani: Unakaribia, au umekwisha pita?

Mwandika Nyota: Ulipita miezi minne iliyopita. Mchapishaji alinipa malipo ya awali, nami nikayanunulia kompyuta yenye nguvu, kwa sababu ile ya zamani haikuweza kufungua gemu ya kujenga mji katika sayari ya Mirihi. Kabla hamjanihukumu, fahamuni kwamba gemu hiyo kwangu ni utafiti: anayeandika juu ya watu wanaoishi Mirihi hana budi kujua, bomba la hewa likipasuka, ni mlango upi unaofungwa kwanza na ni nani anayebaki nje. Mji wangu una wakazi 2,300, na jana nilikesha hadi alfajiri nikiwatengenezea mtambo wa maji. Mchapishaji nimemwambia kwamba riwaya imekwisha na kwamba ninaisafisha tu.

Kete 64: Umenikumbusha mjomba wangu wa Shela, aliyekuwa akicheza bao barazani kila baada ya Alasiri. Siku moja jahazi la Mombasa lilikuwa likimngoja yeye peke yake. Nahodha alimtuma kijana mara tatu, na mara tatu mjomba alijibu kwamba mtaji bado anao, yaani bado ana kete za kula. Jahazi liliondoka na godoro lake. Alishinda mchezo ule, na akalala mkekani mwezi mzima.

Karani: Bwana Kete, tuzungumzie pesa za watu. Kula malipo ya kazi ambayo hujaifanya, kisha ukasema umeifanya, ni uongo juu ya deni. Mwandikie mchapishaji leo hii, umwombe muda.

Mwalimu Mstaafu: Mimi nina swali jingine. Nilifundisha fizikia miaka mingi, na habari za San Marco nilikuwa nikizitumia darasani. Jukwaa lile liliwekwa pale kwa sababu ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huiongezea roketi mwendo, na upande wa mashariki ni bahari tupu, hivyo vipande vinavyoachwa njiani havimwangukii mtu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ndipo iliporushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru. Lakini roketi ya mwisho iliruka pale mwaka 1988. Mwenye miaka 33 aliionaje?

Kete 64: Ahaa! Basi hakuna roketi, hakuna mchapishaji, na huenda hata Mirihi haina wakazi. Jamaa anatuandikisha ukurasa wa 42 bila malipo ya awali.

Bint Amu: Nami niliyekwisha kumuulizia chumba kwa shangazi! Jibu, kaka.

Mwandika Nyota: Mchapishaji yupo, na deni lipo. Aliyeiona roketi ni baba yangu, ambaye ni mvuvi wa Ngomeni. Nimeisimulia kama yangu kwa miaka mingi hata nikawa ninaikumbuka, na katika barua ya kuomba mkataba niliandika kwamba riwaya itaanzia katika kumbukumbu hiyo. Ukurasa wa 41 ndipo roketi inapopaa. Kila nikifika hapo ninaona picha bila sauti, kisha ninafungua gemu.

Mwalimu Mstaafu: Baba yako alikusimulia nini hasa?

Mwandika Nyota: Kwamba maji yalikuwa mekundu hadi ubavuni mwa mtumbwi, na mngurumo ulikuwa bado haujawafikia, na mwenzake akaacha kuvuta wavu akishika masikio kabla ya kusikia chochote.

Mwalimu Mstaafu: Nuru hutangulia, sauti hufuata. Hilo la kushika masikio mapema halimo katika kitabu changu chochote. Limo katika muswada wako?

Mwandika Nyota: Halimo.

Bint Amu: Kaka, basi la Lamu hupita Gongoni. Shuka hapo, chukua bodaboda hadi Ngomeni, ukae na mzee siku tatu. Punda wa Amu hawaondoki, utawakuta.

Mwandika Nyota: Ushauri ni mzuri, dada, ila tiketi niliikata kabla ya kufungua uzi huu, na ninawaandikia nikiwa ndani ya basi. Tumekwisha pita Gongoni. Niliyaona marundo ya chumvi yakimeremeta upande wa baharini, nikainuka nimwambie utingo asimamishe gari, lakini kompyuta iko kwenye buti chini ya magunia ya abiria wengine, na muswada umo ndani yake.