Paka wangu aliyekuwa shume katoroka, namrudishaje?

Mama wa Kijivu (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Msaada tutani. Nina paka jike, kijivu, kifua cheupe. Alikuwa shume wa nyuma ya bucha, mkali kweli, ilinichukua muda mrefu mpaka akakubali kushikwa. Sasa alikuwa analala miguuni kwangu. Wiki hii fundi kaja kubadilisha nyavu za dirisha, akawasha grenda, paka akapita katikati ya miguu yake, ukuta, huyooo. Tupo Tabata, nyuma yetu kuna pagale lenye majani, na usiku namwona humo. Nikimwita anakodoa macho tu, nikisogea hatua mbili kapotea. Mume wangu anasema nimwache, karudi kwenye asili yake. Naomba ushauri.

Mtu Chake
Shemeji yupo sahihi. Shume ni shume. Tafuta kitoto kingine.

Bint Pwani
Usimsikilize huyo, dada. Kama alikuwa analala miguuni kwako, hajakusahau, ana hofu. Paka akiwa kwenye hofu hata sauti ya mwenyewe anaikimbia, na huwa anajibanza karibu na alipotokea, kimya. Kwa hiyo acha kumfuata ndani ya pagale. Kila ukimfuata unamfundisha kuhama, na akivuka barabara kubwa umemkosa.

Fanya hivi. Saa ileile kila usiku, watu wakishatulia, weka chakula chenye harufu: vichwa vya samaki au dagaa waliochemshwa. Maziwa achana nayo, paka wakubwa wengi huwaharisha. Weka na kitambaa anacholalia, usikifue. Kisha kaa chini mbali kidogo, mgeuzie ubavu, ongea taratibu maneno yaleyale uliyozoea kumwambia. Usimkazie macho. Akila, usinyanyuke kumshika! Kesho yake sahani isogeze kidogo kuelekea mlangoni kwako.

Dokta wa Mifugo
Naongezea. Usijaribu kumdaka kwa mikono, hata akikusogelea. Paka aliyebanwa anang'ata mpaka kwenye mfupa. Ikitokea, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Kichaa cha mbwa hata paka anaweza kuwa nacho.

Asipofika mlangoni, tumia mtego wa kasha: wavu mgumu, mlango unadondoka akikanyaga kibati cha ndani. Fundi wa kuchomelea anakutengenezea. Siku za mwanzo ufunge mlango kwa waya ili ubaki wazi, ale humo kisha aondoke. Akishazoea, toa waya. Akinasa, funika kasha lote kwa kanga, giza linamtuliza. Mfungulie ndani ya chumba kimoja chenye mchanga, maji na mahali pa kujificha, na umwache humo mpaka aanze kula mbele yako. Amehasiwa?

Mama wa Kijivu (mleta uzi)
Amehasiwa dokta, ncha ya sikio ilikatwa kama alama. Chanjo ya mwaka huu bado.

Mlinzi wa Zamu
Dada, kabla ya mitego, pita kwa majirani uulize nani kaweka sumu ya panya. Watu wa mitaa yetu wanamwaga tu pembeni ya ukuta. Paka akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kwenda. Na ongea na mlinzi wa pagale, usiku ukimulika tochi humo atakudhania mwizi wa nondo.

Mama wa Kijivu (mleta uzi)
Mlinzi nimemalizana naye, soda moja tu. Jirani wa kushoto alikuwa na sumu kweli, kakubali kuitoa. Paka kala, tena karibu na geti, ila nikikohoa tu anaruka ukuta.

Bint Pwani
Hapo kwenye geti ndipo pa kasha.

Mama wa Kijivu (mleta uzi)
Wakuu, jana usiku mlango umedondoka PAA! Nimekimbia na kanga yangu, namulika: dume la jirani, limemaliza vichwa vyote vya samaki na linaninunia. Kijivu yupo juu ya ukuta anaangalia.

Dokta wa Mifugo
Kawaida hiyo. Lifungulie, osha kasha litoke harufu ya dume, tega tena palepale. Na mwambie jirani alifungie lake ndani usiku.

Mtu Chake
Nauza kitoto cha paka, bei maelewano.